Utepe wa Mashine ya Kupumulia

Lori la majani chai lilimlalia Onchiri kule Nyaramba siku ya Jumatatu, likamvunja mbavu zote za kushoto. Hospitalini, Sista Jemimah alimpitishia mpira kooni, kisha akamkabidhi mkewe, Bonareri, kifuko cheusi cha kufinya. "Finya, achilia. Ukisimama, mumeo hapumui."

Na mashine ya kupumulia ilikuwapo! Hatua kumi kutoka kitandani, mpya kabisa, imefungwa utepe mwekundu. Ati haijafunguliwa rasmi. Mgeni rasmi aje Ijumaa aukate, ndipo mgonjwa aruhusiwe kupumua. Ebo! Bonareri alipoambiwa hivyo na Bwana Nyamweya, msimamizi wa hospitali, damu ilimchemka. Lakini mikono yote miwili ilikuwa kazini, angemfanya nini?

Wanawake wa egesangio, wale anaolima nao, leo kwa huyu kesho kwa yule, walisikia wakaja. Walifinya kwa zamu kama wanavyopalilia, huyu akichoka mwenzake anapokea. Jumatano mchana mmoja wao, Nyanchama, ambaye hakuwa amelala tangu juzi, alisinzia kidogo tu. Midomo ya Onchiri ikawa rangi ya majivu kabla Bonareri hajakinyakua kile kifuko.

Hapo ndipo Nyamweya alipoingia. Hata hali ya mgonjwa hakuuliza. "Akina mama, Ijumaa mtoke humu. Mgeni asikute fujo."

"Fujo?" Bonareri alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Hebu nishikie hapa, mzee, nifunge leso."

Nyamweya akashika. Alikuwa amelelewa vizuri kwao: mama akikuomba umshikie kitu, unashika.

"Sasa finya. Achilia. Ukisimama, umemwua wewe, na mashahidi ndio hawa."

Akachomoa kisu cha ndizi kikapuni, akauendea utepe.

"Mama! Usikate! Mgeni atakata nini?" Nyamweya alipiga kelele, jasho likimtoka, lakini mikono haikuthubutu kuacha.

"Akate ndizi! Zipo hapo kikapuni."

Utepe ukaanguka. Jemimah akachomeka waya ukutani bila kungoja kuambiwa.

Ijumaa mgeni alikata utepe wenye fundo katikati, mashine ikinguruma, kifua cha Onchiri kikipanda na kushuka mbele yake. Akatangaza kwamba kuanzia leo mashine inaruhusiwa kutumika. Watu wakapiga makofi. Bonareri alicheka kwa hasira mpaka akalia.