Buti za Mzee Tukae

Siku ile mjinga alikuwa fundi sanamu, na tuseme hivyo mapema ili mtu asipoteze muda kumtafuta mjinga mwingine. Wagombea walikuwepo, mwenyekiti wa kamati akiwa mstari wa mbele, lakini ushindi ulikuwa wa fundi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya heshima. Mji ulitaka kumwekea sanamu marehemu Mzee Tukae, yule fundi cherehani aliyewaongoza watu wa ng'ambo ya reli enzi zile walipokuwa wakihudumiwa kwenye kidirisha cha nyuma cha manispaa, kana kwamba mlango wa mbele ungepata ukurutu wakiugusa. Mzee hakurusha hata kokoto. Aliwapeleka watu mbele ya ule mlango, akasema, "Jamani, tukae," wakakaa. Wakipigwa, wamekaa. Wakibebwa na kutupwa kwenye gari la polisi, kesho wanarudi, wanakaa. Mwisho mlango ukafunguliwa, na jina likamganda mzee mpaka kaburini.

Tena hakuwa mtu baki. Mjane wake alikuwa shangazi yake fundi, dada wa baba yake tumbo moja. Kwa hiyo fundi alikuwa na kila sababu ya kuifanya kazi vizuri, na kweli aliifanya vizuri, kuanzia shingoni kwenda juu.

Kuanzia shingoni kwenda chini kuna maelezo. Kamati ilibishana weee, mzee acheke au anune, na walipokubaliana kwamba atabasamu kidogo, siku ya uzinduzi ilikuwa tayari inabisha hodi. Fundi akakuna kichwa. Nyuma ya mifuko ya saruji palikuwa na kalibu ya askari, aliyemtengeneza zamani akasimame kwenye geti la kambi. Mwili ni mwili, akajiambia. Akamwaga saruji, akaiondoa bunduki, akampa kitabu, akakipachika kile kichwa kizuri, kisha akapaka kila kitu rangi ya shaba. Mkanda aliukwangua mpaka ukafanana na wa suruali ya kawaida. Buti ndizo zilizomshinda: nondo zote zimesimama humo, ukizichonga sana mzee anaanguka. Lila na fila havitangamani, lakini kwa saruji nzuri, fundi aliamini, hata vyenyewe vitashikana.

Mwenyekiti alipokuja kukagua alipiga makofi. "Huyu sasa ndiye kiongozi! Oneni kifua!"

Asubuhi ya uzinduzi sanamu ililazwa kwenye lori uani kwa fundi, imefunikwa turubai. Dereva ameshawasha injini, ndipo shangazi akatokea.

"Nimekuja kumwona mume wangu," alisema. "Huko uwanjani mtanificha nyuma ya hotuba."

Turubai lilikuwa fupi, miguu imebaki nje. Shangazi akaanza na miguu. Akaitazama kwa muda. Akalifunua turubai kidogo, akakiona kitabu, na kidole kimoja kimejikunja pembeni yake, bado kinatafuta cha kufyatua. Alitembea mpaka katikati ya geti, akalikusanya gauni lake, akakaa chini.

"Shangazi, unaumwa?"

"Mzima."

"Sasa mbona umekaa njiani?"

"Uliyemtengeneza amesimama kwa niaba yetu wote. Acha mimi nikae."

Dereva akapiga honi. "Mama, sogea kidogo basi!"

"Pita tu, baba. Nani kakuzuia?"

Fundi alihisi mshipa wa utosini unapiga ngoma. Akabembeleza, akaapa, akatazama mbingu, akarudi kubembeleza. Shangazi ametulia kama maji ya mtungi. Ndipo akaja mwenyekiti mbio, jasho tupu, ndani ya suti iliyomshika kila mahali.

"Fundi! Mgeni rasmi ameshaketi! Nini hiki?"

"Shangazi yangu."

"Mbebe!"

"Mbebe wewe."

Mwenyekiti akamshika kwapani. Shangazi akajilegeza, akawa gunia la chumvi iliyolowa. Mwenyekiti akavuta, mshono wa koti ukalia praaa! Shangazi hakuinuka hata unywele.

"Maskini," alisema shangazi, "mume wangu angekushonea. Na polisi walikuwa wanakuja wanne kwa mtu mmoja, baba. Kawalete wenzako."

Dereva alicheka mpaka akazima injini kwa bahati mbaya. Mkewe fundi akatoka ndani kuona kelele ni za nini.

"Mama watoto, afadhali!" fundi akasema. "Zungumza na shangazi, nyinyi mnaelewana."

Mkewe akaenda, akainama, akanong'onezwa. Akatembea mpaka kwenye lori, akaitazama miguu, akarudi, akakaa chini ubavuni mwa shangazi.

"Na wewe tena?"

"Nimeambiwa tukae."

Hapo fundi yakamfika shingoni. Alichuchumaa mbele ya shangazi. "Shangazi, naomba unielewe. Uwanja umejaa. Kila mtu anatazama jukwaa la sanamu lililo tupu. Isipofika leo, mimi uso wangu nitauweka wapi?"

"Uweke ulipoweka wa mume wangu. Popote penye kiwiliwili."

"Nitazipaka buti rangi nyeusi, zionekane viatu vya kawaida!"

"La kuvunda halina ubani. Mtu ambaye hakuwahi kumkanyaga hata jirani yake, leo unamzindua amevaa hizo, halafu wajukuu zangu waambiwe ndiye huyo?"

"Lakini ni miguu tu, shangazi!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na mwenyekiti nyuma yake anatikisa kichwa kuunga mkono, kwapa wazi. "Miguu! Uso ni wake, tabasamu ni lake! Katika umati wote ule, nani atainamisha kichwa atazame buti?"

Shangazi alimtazama kutoka kule chini alikokaa.

"Sisi tuliokaa naye pale mlangoni, mwanangu. Nyuso za waliotupiga zilikuwa juu mno, hatukuziona. Buti ndizo tunazozijua."