Sweta la Mama Ildefonsa

Kiharusi kilimwangusha Ildefonsa katikati ya migomba yake, mundu ungali mkononi. Alipotoka hospitalini mkono wa kulia ulikuwa umepooza, na binti yake Jovina akaacha mji wake Kaniha akarudi Rulenge kumuuguza. Asubuhi za Rulenge zina baridi. Kila sweta la zamani lilipopitishwa kichwani, ule mkono ulikwama, mama akalia. Si maumivu tu yaliyomliza.

"Navishwa kama kichanga," alisema kwa ulimi mzito.

Jovina akaenda sokoni kwa Semeni, mama yake Muksini, aliyeuza nyuzi na kufuma masweta ya wanafunzi.

"Shikamoo, Mama Muksini. Nataka kumfumia mama sweta, ila lisipite kichwani."

"Marahaba, mwanangu. Basi fuma la wazi mbele, pana, lisilo na vifungo. Umewahi kufuma sweta?"

"Vitambaa vya makochi tu."

Semeni akacheka, akampa sindano zake mwenyewe. "Mgongo, vipande viwili vya mbele, mikono miwili. Ukikosea, fumua. Usione haya."

Jovina alifumua sana. Mgongo peke yake ulimchukua wiki tatu. Mama aliegemea mto, donge la uzi katika mkono wa kushoto, akimwachia uzi kidogo kidogo. Siku Jovina aliporuka kitanzi, mama ndiye aliyekiona.

"Pale pana tundu. Panya kapita."

Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu Jovina arudi.

Kiharusi cha pili kilikuja Jumamosi mchana, na hakikumpa mtu nafasi ya kuita gari. Sweta lilikuwa limebakiza mkono mmoja.

Kesho yake asubuhi, waombolezaji wakijaa uani, Jovina alikaa nyuma ya nyumba anafuma. Shangazi yake Uwimana akamkuta huko.

"Jovina! Mama yako amelala ndani hata hajaoshwa, wewe unafuma? Watu watasemaje?"

"Waache waseme, shangazi."

"Nimemletea kitenge kipya. Tutamvisha hicho."

"Alikuwa akilingojea hili."

Shangazi akasonya, akaondoka.

Saa saba katekista alifika, kaburi likiwa tayari. Ule mkono wa sweta ulikuwa umefika kwenye kiwiko. Jovina akafunga vitanzi hapo hapo, akaushonea begani kwa mishono iliyokwenda upande, akakata uzi kwa meno.

Ndani, wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha marehemu. Shangazi alilipokea sweta. Lilimwingia Ildefonsa vizuri, mkono huu, kisha huu, wala hakuna aliyelazimika kumkunja. Shangazi akazikutanisha zile pande mbili kifuani. Kisha akauvuta ule mkono mfupi ushuke hadi kwenye kiganja. Haukufika. Akavuta tena. Mwishowe akaushika mkono wa wifi yake ulioachwa wazi, akaufumbata kwa viganja vyake vyote viwili, akaangua kilio kikubwa.

"Ungeniambia umebakiza kidogo hivi," alisema. "Ningewaomba wasubiri."

Jovina alipiga magoti akaokota vipande vya uzi vilivyoanguka mkekani, akatoka kuwaambia wanaume kwamba mama yuko tayari.