Bahasha za Roketi za Obonyo

Siku Obonyo alipofariki, mjane wake Adero alirudi Kambi Muru kutoka hospitali akamkuta shemeji yake Opondo, yule mjuaji wa Kawangware, ameinamia beseni. Alikuwa ameloweka bahasha za marehemu, zilizopigwa mhuri wa posta siku roketi ziliporushwa na siku wanaanga waliporudi.

“Nabandua stempu, shemeji. Mali ni stempu. Bahasha ni takataka.”

“Mali ni ule mhuri wa tarehe, na umeufua kama soksi! Kichwa chote hicho, ndani upepo. Hizo ndizo alizoniachia.”

Opondo akacheka, akasema atazianika.

Zilipona chache tu, zilizokuwa ndani ya Biblia. Sasa Adero amezibandika ukutani, na Opondo akibisha, hafunguliwi.