Siku Sofia Ilipohamia Burumba

Watu wa Sofia, mtaa wa mpakani mjini Busia, hawakimbii jua wala mvua, na mchungaji akizidisha mahubiri wanabaki wamekaa, wanasinzia kwa adabu. Lakini Jumatano ile, jua halijapanda vizuri, mtaa mzima ulikuwa umeshavuka mpaka na kuingia Kenya. Na aliyewakimbiza hakuwa na habari.

Alikuwa Koplo Atai, binti kutoka Osukuru, askari wa dawati la jamii kwenye kituo kidogo cha polisi upande wa Uganda. Kazi yake ilikuwa kuwafanya raia na polisi wazungumze kabla mambo hayajaharibika. Alizunguka sokoni, makanisani, misibani, akisalimia kwa Kiteso, kwa Kisamia na kwa kile Kidhopadhola chake cha kuokoteza, hata wauza samaki wakawa wanamwita mtoto wetu. Shida ilikuwa moja tu. Barabarani walimpenda, kituoni hawakwenda. Benchi la wageni mbele ya dawati lake lilikaliwa na paka.

"Koplo," mkuu wa kituo, Afande Ilukor, alimwambia asubuhi hiyo, "uwanja nimekupa, viti nimekupa. Watu wakija leo wakauliza maswali yao, dawati linabaki na wewe unabaki. Wasipokuja, nalifunga, na wewe unakwenda kulinda ghala huko mbali Karamoja. Sina askari wa kufuga paka."

"Ndiyo, afande," Atai aliitikia, lakini moyo ulimshuka. Busia alishaipenda. Hapa mtu hapiti mlango bila kuulizwa kama amekula.

Sasa, kosa lenyewe lilifanywa na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Owor, tena kwa nia njema. Atai alimwomba atangaze kwenye spika ya mtaa kwamba polisi inawakaribisha wananchi waje watazame ofisi na kuuliza lolote. Owor ni mtu wa matangazo mazito, akaona maneno hayo ni laini mno. Basi alfajiri spika ikanguruma juu ya mabati: "Polisi inawahitaji. Kila nyumba itoe mtu mzima mmoja, kituoni, saa nane. Mje na vitambulisho. Asiyekuja, mimi namjua."

Nani angebaki?

Atai alikuta milango imefungwa, na Owor peke yake ameketi chini ya spika, anajisikia vizuri.

"Watu wako wapi, mzee?"

"Watu nakwenda Burumba, ng'ambo ya Kenya, kwa Annet, dada yake Benedeta muuza samaki. Wote nakwenda. Hata mke yangu nakwenda."

"Uliwaambia nini?"

Owor akamrudia tangazo lake neno kwa neno, kwa sauti ileile. Atai akakaa chini.

Askari wa Uganda havuki kwenda Kenya na sare. Hilo hata mbuzi wa mpakani wanalijua. Akaiacha sare kwa Owor, akavaa gauni la mke wa mwenyekiti na kitenge chake kilichomzunguka mara mbili, akapita njia ya panya ileile ambayo kila siku yeye mwenyewe huwahubiria watu wasiipite.

Aliwakuta Burumba uani kwa Annet, wamejaa kama siku ya harusi. Katikati palikuwa na chungu cha pombe ya wimbi, birika la maji ya moto pembeni, na mirija mirefu imetoka kila upande. Benedeta alikuwa amekimbia na beseni lake la samaki wa Majanji, kule ziwani, maana woga ni woga na biashara ni biashara. Huyu Benedeta, habari ya Sofia isipopita kwake ni kama bado haijatokea.

"Huyu si karao wenu, yule askari?" Annet aliuliza.

"Karao ni kule," Benedeta akamjibu. "Hapa ni msichana tu aliyevaa nguo za mke wa Owor."

Mke wa Owor alicheka mpaka mrija ukamtoka mdomoni. Atai akapewa kigoda, akapewa na mrija. Aliushika bila kuvuta, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha.

"Mama Benedeta, mbona mmenikimbia?"

"Wewe hatukukukimbia, mtoto wetu. Sisi tumekimbia vitambulisho."

Atai akawaeleza yote, pamoja na ghala la Karamoja. Mzee Okochi, mkubwa wa chungu, akakohoa kidogo. "Na mle ndani ya kituo kuna nini hasa? Mimi nimeingia mara moja tu, na siku hiyo sikupewa nafasi ya kutazama."

Atai akavuta beseni, akaanza kupanga samaki juu ya gunia. Mbuta mkubwa akawa Afande Ilukor. Ngege wawili karibu na ukingo wakawa askari wa kaunta, wanaopokea kila anayeingia. Kambare mwenye ndevu akawa mpelelezi. Mwingine akawekwa chumba cha ndani, kwa mambo ya familia na watoto.

"Trafiki yuko wapi?" Okochi akauliza.

Benedeta akachagua samaki aliyeachama. "Ni huyu. Kutwa anapiga kelele barabarani."

"Na wewe, afande?"

Atai akachukua dagaa mmoja, akamlaza mlangoni. Wakamcheka, lakini kwa huruma.

"Basi mbona hamji, kama ni hivyo tu?" Atai akawauliza.

Benedeta ndiye aliyesema. "Mwanangu, si polisi tunaogopa. Ni sisi. Mimi nikionekana naingia pale mlangoni, kabla sijatoka soko limeshanipa kesi, limenihukumu na limenihurumia. Najua, maana mimi ndiye naanzaga."

Wengine wakatikisa vichwa kukubali.

"Sasa kama mtaingia wote?" Atai akauliza taratibu. "Nani atamsema nani?"

Benedeta akalivuta beseni lake. Kisha akaanza kurudisha samaki ndani ya beseni.

Askari wa zamu kituoni alipoona umati unakuja barabarani, huku wengine bado wameshika mirija, alidhani ni maandamano akaanza kufunga geti. Afande Ilukor akatoka mbio akifunga mkanda.

"Koplo, sare yako iko wapi?"

"Kwa mwenyekiti, afande."

"Na hawa nani amewakamata?"

"Tumejileta," Benedeta akasema, akapita, na mtaa mzima ukapita nyuma yake.

Waliuliza maswali mpaka Ilukor akalegeza kola. Mtoto akipotea tuanzie wapi? Mume akikupiga upande wa Kenya unashtaki wapi? Ilukor alijibu, na alipokwama Atai akajibu.

Katikati ya kelele hizo, Sandra mshona nguo, mwanamke mpole asiyejua kugombana na mtu, aliinuka polepole, akamgusa Atai mkono. Wakaingia kwenye chumba cha dawati, mlango ukarudishwa.

Watu hawakuona. Benedeta aliona. Akageuza kiti chake kikatazamana na ule mlango, akakaa kwa upana wake wote, ili watakaomsikiliza waupe mlango mgongo, kisha akaanzisha kwa sauti kubwa kisa cha Owor na spika, tangu mwanzo, akichanganya na maneno yake mwenyewe. Kila uso ukamgeukia.

Kisa kilikuwa kirefu kuliko kilivyostahili. Sandra alipotoka, macho mekundu lakini mabega yameshuka, kilikuwa bado hakijaisha.

Afande Ilukor alikuwa amesimama ukutani akitazama. Akamsogelea Atai. "Jumatano ijayo tuwaite tena. Ila tangazo uliseme wewe mwenyewe."

"Ndiyo, afande," Atai akajibu.

Ilukor akamwinamia Benedeta. "Mama, yule aliyeingia mle ndani ni nani?"

Benedeta akamtazama kwa mshangao mkubwa.

"Nani, afande? Mimi sijaona mtu."