Apareye ya vumbi ku nyumba ya Mama Bilonda

…na kitambaa, Tatiana! Mama aliifunika na kitambaa, mwezi muzima!

Ngoja nianze muzuri. Unajua barabara yetu ya Musonoi: tangu mvua ikatike, makamyo ya mine, ya mugodi, inapita muchana kutwa, vumbi inaingia mpaka mu bukari, ugali yetu. Tata Mpoyi, baba yangu, anakolola mpaka anashikilia mulango. Sasa kompani ya mine ikasema: tutapima vumbi siku makumi tatu, kama inazidi, makamyo itapita nyuma ya kilima. Mi njo nilisoma mambo ya mazingira, mi njo nilibembeleza ingénieur Hénock wa kompani atundike apareye, mashini ya kupima vumbi, ku mukuta yetu. Kartier muzima, mutaa yote, ilinitegemea!

Leo asubuyi Hénock anakuya, anafungua kompyuta, anacheka.

— Mademoiselle Mushiya, kwenu hewa iko safi kupita mu pori!

— Haiwezekane! Tata, kolola kidogo, asikie!

Baba akakolola bila kusukumwa, masikini.

Njo Mama Bilonda, mama yangu, anatoka na ufagio, anacheka na meno yote.

— Tata ingénieur, unaona vile nilikuchungia kitu yako? Kila asubuyi naipangusa, naifunika na kitambaa yangu ya crochet, sawa télé. Magaribi natoa kitambaa, naifula. Vumbi ya huku inaharibu bitu!

Tatiana, nilikaa chini mu bulongo. Mi nilikuwa natoka mapema, narudia giza. Sikuona kitu!

— Mama, ile kitu kazi yake ni kukula vumbi!

— Nani anaweka kitu ya mugeni mu vumbi, we mutoto? Miaka tano ya masomo, na hukunieleza!

Juu ya lupango, ule ukuta ya kiwanja, Mama Florentine, jirani yetu, akapiga kelele:

— Mwenye diplôme! Na siye tuendelee kukula vumbi?

Hénock akasema karatasi ya vipimo iko tayari, bakubwa ba kompani banaisaini kesho saa mbili. Bakisaini, makamyo inabakia kwetu. Kupima upya, ye peke yake hawezi kuamua. Mutu wa nyumba aende kueleza.

— Mi njo nitasema, mama akajibu. Mushiya ataweka mu Kifaransa. Na usinipambie maneno!

Sasa ye anapiga pasi kikwembe, kitenge yake ya kesho, anaimba. Banaweza kutucheka tu, batufukuze. Kesho usizime telefone: nikitoka mu ile biro, ofisi ya kompani, hata mbele ya kufika ku mulango, nitakuambia kama makamyo inaenda ao inabakia.