Gari Lisiloinamisha Kofia

Neno lilikuwa limeshamtoka MmaOnalenna, na neno likishatoka halina mkia wa kulishikia. Lilimtoka siku ya Alhamisi, nje ya kanisa pale Molepolole, Botswana, baada ya sala ya akina mama. MmaGofaone alikuwa akisimulia tena jinsi mwanawe alivyochukua gari dukani, viti vikiwa bado na nailoni, na jinsi gari hilo litakavyowapeleka akina mama wakubwa Kanye kwenye mkutano wa maombi. MmaOnalenna akajisikia akisema, kwa upole kabisa, "Hata Onalenna wangu analeta lake. Jipya. Halijakaliwa na mtu."

Wanawake wakapiga vigelegele, na vigelegele hivyo ndivyo vilivyomponza. Onalenna alikuwa amesema tu kwamba atanunua gari. Hakusema jipya wala la mtumba.

Na Onalenna alikuwa mtoto wa namna yake. Alikuwa muuguzi, mshahara wake wa kwanza alimnunulia mama yake blanketi la heshima, na tangu baba yake afariki hakuwahi kumnyima mama yake jambo. Mama akisema jipya, binti atakwenda kuchukua jipya, na benki itamshika ukosi mpaka aote mvi. MmaOnalenna alilijua hilo. Usiku ule aliomba Mungu ampe hekima, lakini kwa kuwa alikuwa mkweli mbele za Mungu, aliomba pia kwamba hekima hiyo, kama inawezekana, iwe upande wa gari jipya.

Siku iliyofuata kaka yake, Mjomba Oreeditse, alikuja kutoka malishoni kutoa shauri, maana katika ukoo wao mtoto hanunui hata ndama bila mjomba kujua. Alikunywa maziwa ya mgando bakuli zima ndipo akafungua kinywa. Shauri lake lilikuwa moja: pikapu. Gari lisilo na karai nyuma, alisema, ni kiatu kisicho na soli.

"Mbuzi utampakia wapi?" akauliza.

"Mbuzi hajaniomba lifti, Mjomba," Onalenna akajibu.

"Krismasi atakuomba."

"Krismasi atapanda la kwako. Mimi nataka gari la familia, lenye milango minne na buti. Mama ndiye atakayekaa, kwa hiyo neno la mwisho ni la Mama."

Mjomba akamtazama dada yake kama mtu anayetazama mawingu, asijue yataleta mvua au vumbi. MmaOnalenna akainuka kuosha bakuli.

Mambo ya pikapu aliyajua vizuri kuliko wote wawili. Marehemu mumewe alikuwa nayo, na siku za kwenda kwa wakwe Hukuntsi wanaume walikaa mbele, yeye na watoto wakakaa nyuma pamoja na mapipa ya maji, migongo kwenye kichwa cha gari. Kofia yake nyeupe ya kanisa aliifunga kwenye mfuko, mfuko akautia chini ya blanketi, na bado walipofika kofia ilikuwa na rangi ya barabara. Mumewe alikuwa akiikung'uta kwa mkono wake mwenyewe, akimwambia, "Ipo siku, MmaOnalenna, utakuwa na mlango wako." Akafa kabla ya mlango.

Jumamosi alfajiri walikwenda maziko ya jirani. Walipokwisha kunawa mikono langoni na kula, Onalenna akasema afadhali watoke moja kwa moja, maana maduka ya Gaborone hufunga mchana. Kwa hiyo MmaOnalenna alipanda pikapu ya kaka yake akiwa katika sare kamili ya akina mama wa sala: sketi nyeusi, blauzi nyeupe, na kofia iliyotiwa wanga mpaka ikasimama kama mkate uliotoka tanuruni. Sare hiyo ina sheria zake. Ukiivaa huli njiani, hugombani na mtu, na kofia huivui mpaka uingie nyumbani kwako.

Duka la magari mapya lilikuwa na sakafu inayoonyesha uso. Gari lenyewe lilikuwa jeupe, refu, limelala chini, paa lake likishuka nyuma kama mgongo wa swala anayeruka. Kijana wa dukani alifungua mlango, harufu ikatoka, na MmaOnalenna akaivuta akiwa amefumba macho. Kipya kinyemi, wasema, ingawa kidonda. Hili hata kidonda hakikuonekana.

Onalenna hakuvuta harufu. Alifungua buti, akainua zulia lake, akachungulia.

"Tairi la akiba liko wapi?"

Kijana akaonyesha chupa ya povu na pampu ndogo. Alieleza vizuri, kwa adabu, kwamba ukipata pancha unajaza povu, na povu likishindwa unapiga simu, watu wanakuja.

"Njia ya Hukuntsi simu haishiki," akasema Onalenna. "Nitampigia nani, mbuni?"

Kijana akacheka, akakiri kwamba kwa watu wa mjini gari hili halina mpinzani. Hakusema uongo. Akawakaribisha walijaribu. Onalenna akashika usukani, kijana akakaa kando yake, Mjomba na MmaOnalenna wakakaa nyuma.

Hapo ndipo jambo lilipotokea, na MmaOnalenna hakumwambia mtu. Alipoketi, kofia iligonga paa. Akajivuta mbele, ikagonga tena. Kuivua hakuweza, basi akainamisha shingo, akaikunja mikono mapajani, akatazama zulia kama mtu aliye katika toba. Gari liliteleza kama maji kwenye jani. Walizunguka mtaa mzima, na Gaborone yote aliyoiona ilikuwa viatu vya kaka yake.

"Mama, vipi?" Onalenna akauliza waliporudi.

"Zuri," akasema MmaOnalenna. Shingo ilimuuma mpaka begani.

Onalenna hakuamua chochote pale. Alishukuru, akasema wataangalia pia la mtumba, kwa sababu mtu hanunui ng'ombe wa kwanza anayepita langoni. Wakarudi njia ya nyumbani mpaka Mogoditshane, kwenye yadi za magari yanayotoka Japani. Hapo hapakuwa na sakafu ya kioo. Magari yalipangwa juani safu kwa safu, vumbi likiwa kwenye vioo, na mbuzi wawili wamelala kivulini chini ya lori. Mjomba alipowaona mbuzi uso ukamchangamka.

Mwenye yadi, bwana aliyeitwa Rra Seleka, aliwapeleka kwenye gari la rangi ya fedha linalong'aa kuliko yote. Lilikuwa la mzee mmoja wa huko Japani, akasema, aliyekuwa akilitumia kwenda sokoni kununua samaki tu.

"Rra, kila gari la hapa Mogoditshane lilikuwa la mzee wa samaki," Onalenna akamjibu. "Vijana wa Japani wanatembea kwa miguu?"

Rra Seleka akacheka mpaka akashika boneti. Lakini Onalenna alikuwa ameshainama. Alitazama ubavu wa gari jua likiwa usoni pake, akaona mlango wa nyuma unang'aa kwa rangi ya namna nyingine. Akapitisha kidole kwenye pengo la mlango: juu kidole kilipita, chini kilikwama. Akainua zulia la miguuni, akanusa, akalirudisha polepole. Gari hilo liligongwa, tena liliwahi kuloa. Akauliza habari za hali ya hewa, akauliza kama mbuzi ni wa Rra Seleka, kisha akatembea, akapita gari la kijivu bila hata kuligeukia, akapita na jingine, halafu akarudi kwenye lile la kijivu kana kwamba amechoka na anatafuta pa kuegemea.

MmaOnalenna moyo ulimruka. Aliujua mwendo ule. Ndivyo alivyotembea mumewe mnadani. Maksai anayemtaka hakumtazama machoni. Alisifia wa jirani, akauliza habari za mvua, mkono wake huku ukimpapasa yule mwingine mbavuni. Onalenna akiwa mdogo alikuwa akikaa juu ya nguzo za zizi, miguu ikining'inia, kumbe hakuwa akihesabu ndege.

Safari hii binti alikagua kwa muda mrefu. Aliweka kiganja kwenye injini kuhakikisha haijapashwa moto kabla ya wao kufika. Alivuta kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa chake cheupe, akakitazama. Alipapasa matairi upande wa ndani na wa nje, kama yameliwa sawa. Akamwomba Mjomba alale chini achungulie kama kuna kinachovuja, na Mjomba, pamoja na koti lake la maziko, akalala. Sauti yake ikatoka chini ya gari ikisema pakavu, isipokuwa kuna nyasi za Japani. Ndani ya buti, chini ya zulia, tairi zima la akiba lilikuwa limelala kama yai kwenye kiota.

Kasoro zilikuwepo na Onalenna alizitaja zote kwa sauti: mkwaruzo kwenye bampa, kiti cha dereva kimefifia, na redio haishiki stesheni za nyumbani mpaka ifunguliwe na fundi. Hilo la redio lilimgusa MmaOnalenna, maana bila redio mtu atasikiaje matangazo ya vifo? Onalenna akamwambia Rra Seleka kwamba redio itatengenezwa hapohapo, au hawana mazungumzo. Rra Seleka akakubali.

Onalenna akaliwasha gari. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye dashibodi, laini, ya Kijapani.

"Anasema nini huyu?" akauliza MmaOnalenna.

"Sijui, Mama. Nadhani anatusalimia."

"Dumela, mma," MmaOnalenna akamjibu, maana salamu haiachwi chini.

Akaingia kiti cha nyuma. Akasubiri kofia igonge. Haikugonga. Akanyoosha shingo, akanyoosha mgongo, akavuta mlango kwa mkono wake mwenyewe, ukafungika kwa sauti nene ya taratibu. Kupitia dirishani aliwaona mbuzi, na lori, na mbingu.

Baada ya kulizungusha mpaka njia panda na kurudi, Onalenna alizima injini, akageuka kwenye kiti.

"Sema, Mama. Lile la mjini au hili?"

MmaOnalenna akavisikia vigelegele vya Alhamisi. "Lile la mjini lilinukia vizuri."

"Lilinukia."

"Na halijakaliwa na mtu."

"Halijakaliwa." Onalenna hakubishana. "Ukisema lile, Jumatatu nakwenda benki. Sitanung'unika, unanijua."

Alimjua, na hapo ndipo palipomchoma.

"Ila nilikuona kwenye kioo," binti akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Uliinama tangu tunatoka mpaka tunarudi. Baba alihangaika na ile kofia yako miaka yote. Mimi sikusoma nikakesha wodini ili nije nikuinamishe shingo, Mama. Lakini ukitaka kuinama ndani ya kitu kipya, nitakununulia."

Mjomba akakohoa, akaenda kuwatazama mbuzi, ingawa alikuwa ameshawatazama.

"Nimeshawaambia akina mama kwamba ni jipya," akasema MmaOnalenna.

Kumbe Mjomba alikuwa anasikia. "Si ni jipya Botswana?" akasema kutoka kwenye lori. "Waambie limeshuka melini juzi."

"Nyamaza, Oreeditse. Uongo mmoja unanilemea, unataka niubebeshe na mtoto mgongoni?" Akaweka kiganja kwenye mlango, akakiacha hapo. "Chukua hili, mwanangu. Umelikagua kama baba yako. Nilikuwa namwona yeye, si wewe."

Onalenna akageuka mbele upesi, akashughulika na kioo ambacho hakikuwa na tatizo.

Siku ya mkutano wa Kanye gari la kijivu lilioshwa mpaka likasahau Japani. MmaOnalenna alikaa nyuma na MmaMoagi, mwenyekiti wa zamani, mwanamke mrefu ambaye kanisani husujudu ili apite mlangoni. Walifika wakiwa wima. Mbele yao lilikuwa limesimama gari jipya la mwana wa MmaGofaone, jeupe, la kung'aa, ndugu ya lile la dukani. Milango ikafunguliwa, akina mama wakatambaa nje mmoja mmoja, kofia zao zimelalia upande kama uyoga uliokanyagwa na ndama. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa walikuwa ndani ya sare. Lakini midomo ilikazwa.

MmaGofaone alijinyoosha, akaikamata kofia yake, akalizunguka gari la kijivu. Aliuona mkwaruzo wa bampa.

"Ndilo hili jipya?" akauliza, na wote wakasogea wasikie.

MmaOnalenna alikuwa ameshajiandaa kwa aibu tangu Molepolole. Alipofungua kinywa aliikuta haipo, mahali pake pana kitu kingine kilichojaa kifua kizima.

"Si jipya. Nilisema jipya, na nililisema kwa majivuno, Mungu anisamehe. Limekaliwa na watu huko Japani, na hawakulitesa. Mwanangu alikataa lililong'aa akachagua hili, na alinichagulia mimi."

MmaMoagi akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia. "Shingo yangu haiumi," akasema. Kwa mwanamke asiye na maneno mengi, hayo yalikuwa mahubiri. Kigelegele kilipoanza, hakikuanza kwa MmaOnalenna wala kwa rafiki zake. Kilianza nyuma, kwa wale waliokunjwa kofia.

Jioni, wakati wa kurudi, MmaGofaone alikuja kando ya gari la kijivu, akaangalia mbali kana kwamba anangoja mtu.

"Katikati hapo pana nafasi?"

"Ipo," akasema MmaOnalenna. "Ingia kwanza, halafu mimi. Mlango huu ni wangu."

Wakaketi watatu, kofia tatu zimesimama sawasawa. Onalenna akawasha gari, na yule mwanamke wa dashibodi akasema maneno yake, laini, kwa lugha yake. Akina mama wakatulia kidogo, kama watu waliosikia baraka ya kufunga ibada.

"Amina," wakaitikia wote watatu, na MmaOnalenna akavuta mlango wake.