Rangi ya Kiwikoni

Hasidi hana sababu, husema watu. Mama Chuma, kocha wa kutunisha misuli, alikuwa nazo tele, na zote zilibandikwa kwenye kioo cha gimu ya ng'ambo ya barabara: picha mbili za mdogo wake, moja imeandikwa KABLA, nyingine BAADA, na chini yake, "Wiki tatu tu na Kocha Mafuta."

Wiki tatu, jamani. Mwaka mzima Mama Chuma alimpimia yule binti kuku na mayai, akamwamsha alfajiri, akamfundisha kusimama jukwaani mpaka miguu ikatetemeka. Mashindano yalipokaribia, Kocha Mafuta akaja na maneno yake matamu, yale ya kumtoa nyoka pangoni, na binti akahamia kwake. Akashinda. Mchumia juani hulia kivulini, lakini hapa mmoja alichumia juani na mwingine akala.

Roho ilimuuma. Kila siku alivuka barabara kwenda kuzitazama zile picha, kama mtu anayetonesha kidonda chake mwenyewe. Ndipo siku moja macho yake yakatua kwenye kiwiko. Katika picha ya KABLA, binti akiwa na mashavu mazito na tumbo mbele, mikunjo ya viwiko ilikuwa na madoa ya kahawia. Ilikuwa rangi ya mashindano, ile wanayopakwa ili misuli ionekane kwenye taa. Mwilini hutoka upesi, viwikoni hung'ang'ania. Kumbe KABLA ilipigwa baada ya mashindano, binti alipokwisha kufungulia mdomo akavimba kwa mikate na chumvi.

Akaingia ndani. Wateja walikuwa wamejaa.

"Kabla gani hii yenye rangi ya jukwaani?" aliuliza, kila mtu akasikia. "Huyu nimemjenga mimi."

Kocha Mafuta hakubabaika. "Karibu, dada. Mwenye mwili huyo hapo, muulize."

Mdogo wake alikuwa nyuma ya kaunta, amevaa fulana ya gimu. "Dada, yaishe," alisema. "Nilipiga picha hizo kwa hiari yangu. Wewe ulinipiga picha lini?"

Mama Chuma hakuwahi kumpiga hata moja. Alikuwa akimwona kila siku, picha ya nini?

Mama mmoja wa makamo, mteja mgeni, alimgeukia kwa upole. "Na wewe, kocha, una za kwako tuone?"

Hakuwa nazo. Yule mama akaenda kaunta kujiandikisha, na binti akampokea kwa tabasamu lile ambalo zamani lilikuwa la dada yake peke yake. Hilo ndilo lililomchoma kuliko picha.

Juma lililofuata, mwanafunzi wake mwingine, kinyozi mmoja mcheshi, alirudi kutoka mashindano ya mji wa pili. Hakushinda kitu, na tangu ashuke jukwaani alikuwa anakula tu.

"Nimeharibika, kocha," alisema akijipapasa tumbo.

"Umefaa," alijibu Mama Chuma.

Picha ya jukwaani alikuwa nayo tayari kwenye simu. Akafunga mlango, akaleta beseni, sabuni na jiwe la kusugulia, akaanza na viwiko, taratibu, mpaka ngozi ikabaki safi kabisa. Kisha akamsimamisha ukutani.

"Haya," alisema. "Toa tumbo."